Pindo Hupimwa na Kiatu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Imewakuta wanawake wawili barazani, wakaingia dukani kujikinga, na mmoja akatoka na sketi niliyokuwa nimeivaa mimi. Si ya aina ile. Ile ile. "Nataka hiyo uliyovaa, vua," akasema. Nikavua. Nimemaliza siku nikiwa na koti la mvua lililofungwa vifungo mpaka kooni, ndani shimizi tu. Wifi alicheka mpaka akatafuta kiti.

Ndiyo kazi yangu. Wifi, mke wa kaka yangu, ana duka la nguo za kike na hana imani na masanamu ya dirishani. Anasema sanamu lina miguu ya twiga na wanunuzi wetu hawana. Kwa hiyo kila asubuhi nachagua nguo dukani, navaa, nasimama mlangoni. Mimi ni mfupi. Si mfupi wa kuulizwa, ni mfupi wa kuonekana. Nyumbani wananiita Nukta tangu nikiwa na miaka sita, na aliyelianzisha jina hilo ni mama yangu mzazi. Lakini wanaopita barabara hii humtazama Nukta mara mbili, na mara ya pili hawatazami kimo.

Wifi amesema tena leo kwamba mvua zikiisha atafungua duka la pili, la wanawake wafupi tu. "Na ufunguo nitampa nani?" akauliza, akanikonyeza. Miaka kumi na moja nimesimama mlangoni kwake. Ufunguo ule ni wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Amekuja mdogo wake wifi, yule wa mwisho. Wanamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa kwao. Wifi ni mrefu kama mlingoti; na huyu wamechangia mama, urefu hawakuchangia. Nilisimama naye karibu: kimo changu kabisa. Miaka ishirini na nne, kiuno kipo mahali pake, shingo imenyooka, na shingo kwa mtu mfupi ni mali. Na kavaa nini? Sweta la kaka yake.

"Dada, nimekuja kujifunza kwako," akaniambia, akanishika mikono yote miwili.

"Mfundishe, wifi," wifi akasema. "Duka jipya litataka mtu wa kusaidia."

Wa kusaidia. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Kitinda kavunja kioo cha mkononi, akaomba msamaha kama aliyeua mtu.

Jumapili, 17 Machi

Chakula cha mchana kwa kaka. Mimi na mama tunakaa nyumba ya nyuma, uani kwake, kwa hiyo kwenda ni kuvuka ua tu. Kaka mdomo wake haujawahi kuwa na mlango. Mbele yetu sote akamwambia Kitinda, "Kula, meneja, kula. Duka jipya linataka nguvu." Wifi akamkanyaga chini ya meza. Niliuona mguu ukienda. Kaka akakohoa, akaanza habari za paa linalovuja.

Nikamaliza sahani yangu. Nikasifu mchuzi. Nikauliza mengine kwa upole, nikaambiwa kwamba Kitinda ana mchumba, na mama wa kijana ana fremu nzuri mjini, na mambo yakienda sawa fremu hiyo itakuwa ndiyo duka. Kwa hiyo ameshapangwa. Mimi nilikuwa nikipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tulipovuka ua kurudi, mama akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mama hajui kubembeleza. Akaongeza, "Nawe ungekuwa na kimo kidogo wasingekuruka. Mtu mfupi huwa wanamsahau hata wakigawa sahani."

Jumatano, 20 Machi

Somo la kwanza. Nimemwambia mtu mfupi anatakiwa ajifunike, maana kitambaa kingi humwongezea mwili, na mwili humwongezea heshima. Akaamini! Mimi ninayekata kila kitu kiishie pale mfupa unapoonekana, mkononi, mguuni, shingoni, nimempa sketi inayokoma katikati ya shavu la mguu, pale pale panapoukata mguu vipande viwili. Blauzi nikamwambia aiache nje, juu yake mkanda mpana kama kiganja. Maua nikamchagulia makubwa, ya rangi tatu. Mwenyewe nilivaa zambarau iliyokolea toka juu hadi chini, suruali ya kiuno cha juu, pindo limelala juu ya kiatu, na kiatu cha rangi ile ile ili jicho lisipate pa kutua.

Akajitazama. "Dada, mbona naonekana kama meza iliyotandikwa?"

"Meza ndiyo inayoheshimiwa nyumbani. Huoni watu wote huizunguka?"

Akacheka, akanishukuru. Kumvika mtu kilemba cha ukoka si tabu. Tabu ni kutocheka anapokishika kisimwanguke.

Jumamosi, 23 Machi

Leo duka limejaa kwa sababu ya mvua. Nilisimama upande mmoja wa mlango, Kitinda upande wa pili na maua yake. Mke wa daktari wa meno, mteja wetu wa siku nyingi, akatutazama, akauliza, "Huyu mdogo ana kimo gani? Mbona mfupi hivyo kuliko Nukta?"

Wifi akasema hatuzidiani. Mke wa daktari akakataa katakata. Basi wifi akatuvua viatu, akatusimamisha mgongo kwa mgongo katikati ya duka, akatuwekea rula vichwani. Kitinda ananizidi upana wa kidole.

Loo, kicheko! Mke wa daktari alijishika mbavu. "Sasa mwanangu, wewe nani kakutendea hivi?" Kitinda akacheka nao, lakini alipoingia chumba cha kujaribia nilimwona akifuta macho kwa ncha ya blauzi. Nguo za zambarau kama yangu zimenunuliwa zote. Hata saizi ambazo haziwafai wamezichukua.

Jioni nilikuwa natafuta la kusema, wifi akaniwahi. "Msibadilishe kitu! Kesho hivyo hivyo. Kitinda wewe ni Kabla, Nukta ni Baada." Na Kitinda, jamani, akanirukia shingoni. "Kumbe ulipanga, dada! Ungeniambia tu, ningejikaza."

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Kabla na Baada. Tumeuza.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Wanawake wanatoka mitaa ya mbali kuja kutuona. Kila siku namtafutia Kitinda ubaya mpya, na sifichi tena, ni kazi. Mabega yaliyojazwa kama mto. Koti linalofika magotini. Kiatu chenye kamba ya kuzunguka kifundo, hicho humpunguzia mtu mguu kuliko panga. Mteja mmoja alimwomba ageuke, ageuke tena, akaita wenzake walioko nje waje. Kitinda anageuka. Ana moyo, sikatai.

Jumamosi, 6 Aprili

Njia imejaa maji. Kitinda kaja kunichukua na mwavuli mpaka nyumba ya nyuma, akanishikia koti, akambeba mama mgongoni kumvusha dimbwi. Mama kasema, "Huyu mtoto ana roho nzuri. Atapata tabu."

Kwa siku moja nzima nilimpenda. Nilimfundisha hata kukata shingo ya kuchongoka, ya kweli. Kisha wifi akamwita mbele yangu achague rangi ya kuta za duka jipya. Akachagua krimu. Kuta za krimu humfanya kila mtu aonekane mgonjwa.

Jumatano, 10 Aprili

Kitinda amenifuata chumba cha kujaribia, akafunga pazia. Jumapili anakwenda ukweni kutambulishwa rasmi.

"Dada, ya dukani ni mchezo. Hii ni ya kweli. Nivalishe kama unavyojivalisha wewe."

"Kijana anakupenda?"

"Ananipenda. Ila mama yake anasema mimi mtoto. Ameniona mara moja, mjini, nikiwa na lile sweta." Akavuta pazia lifunge vizuri. "Nikipendeza siku moja tu, atakubali."

Nilimwambia aniachie.

Nyumba ile naijua. Mwezi wa pili nilikwenda na kaka kupeleka salamu, nikidhani ni jamaa zake wa biashara tu.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimemshonea gauni la kijani kibichi kilichokolea. Sijawahi kushona kitu kizuri hivyo kwa mtu mwingine. Nilimpandisha juu ya kigoda akiwa na kiatu cha kisigino kirefu kupita vyote dukani, nikapiga magoti, nikalibana pindo kwa pini likawa linagusa ncha ya kiatu. Alipojiona kwenye kioo akageuka upande, akageuka tena. Kisha akasema, "Mimi huyu?"

"Wewe huyu," nikamwambia, pini zikiwa mdomoni.

Jumapili, 14 Aprili

Nitaandika yote, maana nataka kuyakumbuka.

Mvua ilikesha, na uwanja wa nyumba ile ulikuwa matope matupu. Tulikwenda wanne: kaka, wifi, mimi na Kitinda. Aliposhuka garini alikuwa amependeza, sitadanganya. Rangi moja, kiuno juu, shingo wazi, na ule urefu wa kisigino umefichwa na pindo, kiasi kwamba hata mimi niliyelikata nilitaka kuamini ni miguu yake. Kijana wake alikuwa barazani. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeletewa zaidi ya alichoagiza. Wifi akanifinya mkono kwa furaha.

Kisha tukafika mlangoni. Mama wa kijana, mama wa mwili na sauti, akanyoosha kidole kwenye rafu. "Karibuni, karibuni. Viatu hapo, tafadhali, mniwie radhi na haya matope."

Nilivua vyangu. Kitinda akanitazama kidogo, akavua vyake, na akashuka. Sijui niseme vinginevyo vipi. Alishuka, gauni likabaki na urefu wa viatu, na kitambaa cha upana wa kiganja kizima kikalala sakafuni, mbele na nyuma.

Akalikunja kwa mkono mmoja, akatembea. Angekaa, ingepita. Lakini wifi kwa kumpigia debe mdogo wake akasema, "Chai atagawa Kitinda." Na trei inataka mikono miwili.

Ikabidi aliachie. Alitembea akilipiga teke mbele kila hatua, vikombe vinalia, chai inaingia sahanini. Hakuanguka. Angeanguka ingekuwa heri, watu humhurumia aliyeanguka. Alifika katikati ya sebule akakanyaga pindo, akasimama hapo hapo, hawezi mbele wala nyuma, ana trei. Mama yule akamtazama toka juu hadi chini, safari fupi, akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu, uliniambia unaleta mke. Mbona umeniletea mtoto aliyeingia kabatini kwa mama yake?"

Shangazi wa kijana ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Nilikuwa namwangalia kijana. Kwanza aliziba mdomo kwa mkono. Halafu akauondoa mkono.

Kitinda alimwona. Aliweka trei, akapanga kila kikombe mbele ya mwenyewe, akachuchumaa, akafuta chai iliyomwagika kwa lile gauni la kijani. "Ndiyo kazi yake hasa," mama yule akasema, wakacheka upya.

Nami nilisikia utamu. Nauandika hivyo hivyo ulivyokuwa: utamu, kama kuvua kiatu kilichokubana mchana kutwa.

Jioni Kitinda akaja nyumba ya nyuma, gauni kalikunja vizuri mikononi. Hakuwa analia.

"Dada, mbona hukuniambia wanavua viatu?"

"Ningejuaje?"

"Mwezi wa pili ulikwenda."

"Nilisahau. Mtu husahau."

"Suruali yako haikugusa chini."

Nikaanza kukunja shuka.

"Uliipunguza Ijumaa," akasema. "Nilikuona nyuma ya pazia, ukiwa peku, unaipima." Akaliweka gauni kitandani kwangu. "Pindo hupimwa na kiatu kitakachovaliwa. Hilo ni moja ya machache uliyonifundisha ambayo ni ya kweli. Asante, dada."

Akaondoka. Mama alikuwa amejigeuza ukutani, nikadhani kalala. "Mjinga akierevuka," akasema, "mwerevu yupo mashakani."

"Lala, mama."

Jumanne, 16 Aprili

Kijana amevunja uchumba kwa simu. Fremu imekwenda na maji. Mvua.

Jumatatu, 22 Aprili

Nangojea Kitinda anishtaki kwa wifi. Hasemi. Wifi anaamini ni bahati mbaya, anamlaumu yule mama na rafu yake. Kitinda anafika wa kwanza, anaanika miavuli, anavaa ubaya niliomchagulia, anasimama, anachekwa. Ananiita dada kama kawaida. Ningependa anitukane.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua haikati. Kitinda ana tabia mpya. Mteja akitoka ananiuliza, "Kwa nini umempa mistari ya kusimama?" Nikimjibu, anasikiliza huku kaniangalia mdomo. Nikimjibu uongo anasema, "Hapana, dada," taratibu tu, anarudi kushona vifungo. Nimejikuta nasema kweli. Kumdanganya mtu anayejua kunachosha.

Jumapili, 5 Mei

Mafua. Mama naye mafua.

Alhamisi, 9 Mei

Nimerudi baada ya siku tatu kitandani. Nilikuta Kitinda kasimama upande wangu wa mlango. Kavaa rangi moja ya udongo mwekundu, koti fupi linaloishia kiunoni, suruali inayomwagika. Mikono kaikunja mara moja tu ili kifundo cha mkono kionekane. Hilo la kukunja badala ya kukata sikumfundisha. Hilo mimi mwenyewe sikulijua, na ni zuri.

"Umepona, wifi?" wifi akasema. "Tulikosa Baada wetu siku tatu, ikabidi Kitinda awe Baada peke yake. Na wameuliza koti hilo, we!" Upande wa pili wa mlango alikuwa ameweka sanamu, kalivika lile gunia la maua.

Mke wa daktari wa meno alipita. "Leo mmebadilishana?" akaniuliza. Nilikuwa nimevaa nguo zangu za kawaida. Nguo zangu nzuri.

Jumamosi, 18 Mei

Fremu nyingine imepatikana, kubwa kuliko ile ya ukweni. Wifi anasema Mungu akifunga dirisha dogo ni kwa sababu anatafuta ufunguo wa geti. Mvua imepungua, ni manyunyu tu. Nimemwuliza waziwazi, mbele ya kaka, ufunguo ni wa nani.

"Wifi," akasema, "wewe una miaka arobaini na moja. Huoni utachoka kubeba duka zima?"

"Kusimama mlangoni sijachoka."

"Basi si ndiyo hiyo? Utasimama mlangoni." Akamwangalia Kitinda, naye Kitinda akaendelea kukunja vitambaa. "Mtindo wa Kabla na Baada ndio uliotujengea jina, na ulianza na wewe. Sanamu halichekeshi. Watu wanataka mtu. Kitinda ni meneja, hawezi kuvaa vituko mbele ya wafanyakazi. Na nani anajua kuharibu nguo ya mtu mfupi kuliko wewe?"

Alisema bila ubaya wowote, nadhani. Wifi ni mtu wa biashara.

"Sivai," nikamwambia. "Thubutu! Sivai."

Kaka akatazama dari. Wifi akasema, "Hakuna anayekulazimisha. Ila wapangaji wananiulizia ile nyumba ya nyuma, na mimi nawajibu kila siku kwamba ina wenyewe."

Jumapili, 19 Mei

Nimemwambia mama. Akafikiri. "Kuhama na hii miguu yangu?" akasema. Basi.

Jumatano, 22 Mei

Nilimkuta Kitinda peke yake boharini. Nikamwuliza kama ni yeye aliyetoa wazo.

"Hapana, dada. Ni wifi yako."

"Ungeweza kukataa."

"Ningeweza," akasema, akanipa kibandiko nimshikie. "Nawe ungeweza kuniambia nivae viatu vya chini."

Jumamosi, 1 Juni

Jua. Anga imefuliwa. Duka limefunguliwa saa tatu, kuta za krimu, na krimu ile imetulia vizuri, hakuna aliyeonekana mgonjwa.

Kitinda alinivalisha mwenyewe. Alinipandisha kwenye kigoda, akapiga magoti, pini mdomoni. "Simama wima, dada." Alinitaka peku kwanza, kisha na kiatu, akapima mara mbili. Pindo kalikata katikati ya shavu la mguu, si juu kidogo, si chini kidogo. Mkanda mpana, blauzi nje, maua ya rangi tatu, kamba ya kiatu imezunguka kifundo. Kazi safi. Hakuna hata mshono uliopinda. Nilijaribu kuvuta tumbo ndani na kuinua shingo, mambo ambayo mwili wangu hufanya wenyewe, akanigusa bega. "Usijirekebishe," akasema.

Nikasimama mlangoni, wakaja wengi. Mke wa daktari wa meno alinipita bila kunisalimu, nadhani hakunitambua. Mama aliletwa na kaka, akaketi kivulini, akanitazama kwa muda mrefu. "Angalau leo umevaa kama mtu mzima," akasema, na alimaanisha.

Karibu na mchana wakaja wanawake wawili, wageni wa mtaa huu, wote wafupi. Mmoja alikuwa amevaa vibaya sana, na ningeweza kumtengeneza kwa pini nne. Akasimama mbele yangu. Hakucheka. Alinitazama kuanzia viatu, akafika usoni, akamgeukia mwenzake na kusema kwa sauti ya chini, ila si ya chini vya kutosha, "Maskini. Kwani huyu hana hata dada wa kumwambia?"

Kitinda alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni. "Anaye," akamjibu, akamshika mkono kumwingiza ndani.

Tumeuza sana. Kesho natakiwa mapema, kuna gauni jingine, lina maua makubwa zaidi.